Jangwa, uwanda au nyika: kisa cha tafsiri za mwanzo za Nahodha Hatteras

Bwana mmoja anayechapisha vitabu vya vijana aliniletea kazi ambayo kwake ilikuwa ya mteremko. Alikuwa amepakua kutoka intaneti riwaya ya zamani ya Kiingereza, iliyochapishwa Boston na James R. Osgood katika miaka ya 1870, imejaa picha za merikebu iliyobanwa na barafu, dubu weupe, na wanaume waliojifunika manyoya hadi kwenye nyusi. Hakimiliki ilikwisha zamani, kwa hiyo maneno ni ya bure na picha ni za bure. "Wewe geuza Kiswahili tu," akasema, "kitabu kimeshakamilika." Nikamwomba majuma mawili nikisome kwanza. Nilipomaliza nilikuwa na karatasi nne za maswali, na swali la kwanza lilihusu jina.

Maana kitabu hiki kina majina mengi kama mtu anayekimbia madeni. Kimeandikwa kwa Kifaransa na Jules Verne. Sehemu ya kwanza aliiita Les Anglais au pôle nord, yaani Waingereza kwenye Ncha ya Kaskazini, na ya pili Le Désert de glace. Zikiwa pamoja ni safari na masaibu ya Kapteni Hatteras. Huko London, Routledge walizitoa kama vitabu viwili, na cha pili wakakibatiza The Field of Ice, uwanda wa barafu. Marekani jangwa lilibaki jangwa: The Desert of Ice. Aliyenunua uwanda wa barafu peke yake dukani London alifungua ukurasa wa kwanza akakutana na watu wanne na mbwa mmoja wamesimama gizani kwenye baridi kali, merikebu yao imeshateketea, daktari anahesabu vilivyosalia. Nani kaichoma, na kwa nini, hilo liko kwenye kitabu kingine chenye jina lisilofanana hata kidogo na hili.

Tubaki kwenye neno hilo moja kidogo. Désert kwa Kifaransa ni mahali pasipo watu. Mchanga si sharti. Jangwa letu linakuja na mchanga wake, ngamia wake na jua lake, ukiliambatanisha na barafu msomaji anacheka kabla hujamtisha. Uwanda nao ni mahali pa raha: ng'ombe wanalisha, macho yanaona mbali. Nadhani Mfaransa huyu alikuwa anatafuta neno ambalo watu wa pwani tunalo siku zote, nalo ni nyika. Nyika ni nchi isiyo na mwenyewe, unaipita huku unaomba dua. Niliandika "Nyika ya Barafu" pembeni ya karatasi nikaona mlango umefunguka. Ila niliufungua kwa kurudi kwenye Kifaransa. Kwa kufuata Kiingereza cha London ningeishia uwandani.

Sasa kisa chenyewe, kwa wasiokijua. Aprili 1860, huko Liverpool, merikebu ndogo iitwayo Forward inatayarishwa kusafiri. Ni ya tani 170, ina tanga na pia injini ya nguvu za farasi 120, omo yake imeimarishwa kama ya kuvunjia mwamba. Mabaharia wanaahidiwa mshahara mara tano ya kawaida. Hakuna anayejua wanakwenda wapi, na hakuna aliyemwona nahodha. Richard Shandon, msaidizi wake, anapokea maagizo kwa barua zenye sahihi ya herufi mbili, K.Z. Badala ya nahodha anakuja mbwa mkubwa aitwaye Duk, na mabaharia wanaanza kunong'ona kuwa nahodha ndiye huyohuyo mbwa. Kumbe nahodha alikuwa ndani ya merikebu tangu bandarini, amejificha kati yao kama baharia wa kawaida. Anajitokeza barafu ilipokwisha kuwazunguka na manung'uniko yamepamba moto: ni John Hatteras, na anakwenda kwenye ncha ya dunia awe wa kwanza kusimamisha bendera ya Uingereza. Makaa yanakwisha. Ghala walilolitegemea kisiwani Beechey wanalikuta limeporwa. Merikebu inakwama, watu wanaugua kiseyeye, na wakati Hatteras yuko mbali akitafuta makaa, Shandon na wenzake wanaichoma moto na kutoroka. Wanabaki Hatteras, Daktari Clawbonny, serehangi Johnson, na Bell aliye seremala. Wamemwokota pia Altamont, Mmarekani aliyekaribia kufa kwenye theluji, ambaye naye alikuwa na merikebu yake na, yaelekea, na nia yake.

Verne alianza kukitoa kisa hiki kipande kwa kipande tarehe 20 Machi 1864, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la vijana la mchapishaji Pierre-Jules Hetzel mjini Paris. Kiliendelea mpaka mwishoni mwa 1865. Mwaka 1866 kikawa kitabu, na mwaka huohuo likatoka toleo kubwa lenye picha zaidi ya 250 za Édouard Riou na Henri de Montaut. Humo Hetzel aliweka dibaji akitangaza mfululizo mzima wa safari za ajabu, na akaahidi kwamba mwandishi wake atakusanya humo maarifa yote ya jiografia, jiolojia, fizikia na elimu ya nyota ambayo sayansi ya wakati ule ilikuwa imeyachuma. Ahadi ya mfanyabiashara, lakini Verne aliifanyia kazi maisha yake yote.

Msomaji wa Unguja asidhani mambo haya yako mbali naye. Riou na Montaut ndio haohao waliochora picha za riwaya ya kwanza ya Verne katika mfululizo huo, ile ya puto linaloruka kutoka Zanzibar mwaka 1862 kuvuka Afrika. Mikono ileile iliyochora minazi yetu ndiyo iliyochora barafu.

Na barafu hiyo ina siri yake ya ufundi. Zama zile picha ya kitabu ilichorwa juu ya kipande cha mti mgumu uliokatwa kwa kukingama, nyuzi zake zikitazama juu. Fundi mwingine, wala si mchoraji, alikaa na patasi ndogondogo akaondoa kila mahali pasipotakiwa wino, mistari ikabaki imeinuka. Mti wa namna hiyo hauwi mnene, kwa hiyo picha kubwa iliungwa kwa vipande kadhaa, na katika vitabu vya enzi hizo ukikaza jicho utaona wakati mwingine mstari mweupe mwembamba unaokata mbingu na merikebu kwa pamoja. Hapo ndipo vipande vilipokutana. Mahali peusi ni mti uliobaki, na mahali peupe ni mti ulioondolewa. Kwa hiyo kurasa hizi zote za theluji zimetengenezwa kwa patasi ya mtu aliyeondoa, akaondoa, mpaka ikabaki merikebu peke yake katikati ya utupu. Sijui kama ipo njia nyingine ya kuchora nyika iliyo ya kweli zaidi.

Kutoka kwenye mti huo zilitolewa nakala za metali, na Hetzel alikuwa na biashara nzuri ya kuziuza kwa wachapishaji wa nchi nyingine. Picha haihitaji mkalimani. Dubu wa Paris ni dubu wa Boston. Ndiyo maana katika hizi tafsiri za mwanzo picha ndiyo sehemu ninayoiamini bila kuuliza, na hapo bwana wangu alikuwa na haki: picha tunazo.

Maneno ni habari nyingine. Marekani haikulinda kazi za waandishi wa kigeni mpaka sheria ya 1891. Kabla ya hapo, mchapishaji yeyote wa Boston, New York au Philadelphia angeweza kuchukua riwaya ya Kifaransa, kumpa mtu aigeuze, na kuiuza bila kumlipa mwandishi hata senti. Jina la Verne lilipovuma huko mwanzoni mwa miaka ya 1870, vitabu vyake vya nyuma vilichotwa kwa pupa, na Hatteras, aliyekuwa amekaa Paris miaka minane, akapata tafsiri zaidi ya moja karibu kwa wakati mmoja. Kwenye kitabu cha Osgood imeandikwa kimetafsiriwa kutoka Kifaransa, basi. Jina la mfasiri halipo. Routledge nao hivyohivyo. Mtu aliyekaa na kurasa mamia, akapambana na majina ya ghuba na visiwa na vipimo vya baridi, hakuachiwa hata mstari mmoja. Mimi ninayekula kwa kazi hiyo hiyo nilisikia uchungu kidogo. Ninazo kazi zangu mbili zinazouzwa mpaka leo bila jina langu, na wachapishaji wake siwataji.

Kuwa sawa na haki, Hatteras hakuumizwa kama ndugu zake. Katika tafsiri ya London ya riwaya ya Verne ya safari ya chini ya ardhi, profesa Lidenbrock alipewa jina jipya, Hardwigg, na mpwa wake Axel akageuka kijana wa Kiingereza aitwaye Harry. Ile ya nyambizi ilipoteza karibu robo ya maneno yake mikononi mwa Lewis Page Mercier. Hatteras tayari alikuwa Mwingereza, kwa hiyo hapakuwa na haja ya kumbatiza upya. Ila fikiria jambo hili: kitabu kinahusu Mwingereza na Mmarekani wanaochukiana juu ya nani atafika kwanza mahali pasipo na mtu, kimeandikwa na Mfaransa anayewatazama wote wawili kwa tabasamu la pembeni, kisha kinauzwa London kwa Waingereza na Boston kwa Wamarekani. Tabasamu lile halivuki bahari kwa urahisi. Katika Kifaransa anayewapatanisha ni Clawbonny, mtu mnene mchangamfu anayejua kila kitu, na sura nzima inatengwa kwa kifo cha Bellot, ofisa kijana wa Kifaransa aliyepotea kwenye barafu mwaka 1853 akimtafuta Mwingereza Franklin, nahodha aliyetangulia kupotea huko na merikebu zake. Kwa msomaji wa Paris hapo ndipo moyo ulipo. Kwa wa London ni hadithi fupi njiani.

Nilipofika kwa Clawbonny ndipo nilipoamua kupima tafsiri kwa kipande kimoja tu, nikakitazama kwa karibu. Watu hawa wamepoteza cha kuwashia moto. Kuni wanazo, jua lipo ingawa liko chini, lakini cheche hakuna, na bila moto hawana maji ya kunywa. Daktari anasema atatengeneza kioo cha kukusanyia miale ya jua, akitumia barafu. Anatafuta bonge linalopitisha nuru, analichonga kwa shoka, analilainisha kwa kisu, halafu analisugua kwa kiganja mpaka linang'aa kama kioo cha duka, upana wake kama futi moja. Analielekeza kwenye jua, na baada ya sekunde chache kiwashio kinashika moto.

Hapa mfasiri hawezi kubabaisha. Barafu ya maji ya chumvi imejaa vifuko vya hewa na chumvi, haipitishi mwanga sawasawa. Lazima iwe ya maji matamu. Ukikosea neno hilo moja, umemwambia msomaji kijana uongo unaoweza kupimwa. Na jambo lenyewe ni la kweli: nahodha wa kuvua nyangumi, William Scoresby, alikuwa ameshaliandika kabla Verne hajazaliwa, jinsi alivyowawashia mabaharia viko vyao kwa barafu huku wao wakishangaa kwamba yenyewe haiyeyuki. Kiswahili kinatusaidia kuliko nilivyotarajia: "maji matamu" tunayo, "maji chumvi" tunayo, na hatuhitaji kuzunguka. Barafu na theluji tumezitenga vizuri tangu zamani, ingawa wengi wetu tunaijua barafu ya kwenye friji na theluji ya Kilimanjaro tu. Siwa barafu, ule mlima wa barafu unaoelea baharini, halikunipa shida. Shida ilikuwa nahodha: Kiingereza kinasema kapteni, vijana wanasema kapteni wakimaanisha wa mpira, na mimi nikang'ang'ania nahodha, kwa sababu mtu anayebeba roho za watu kwenye chombo kwetu ana jina lake. Johnson naye akawa serehangi, neno ambalo nusu ya wasomaji wangu watalazimika kumwuliza babu. Wakamwulize.

Vipimo vya baridi niliviogopa bure. Kuna siku daktari anakuta zebaki imeganda kwenye kipimajoto, na kwa kuwa wamebaki na baruti ya risasi moja bila risasi, anaitumia hiyo zebaki iliyokuwa ngumu kama risasi yenyewe. Hatteras anajifunika ngozi ya sili, anamtambalia dubu na kumwua. Zebaki huganda kwenye nyuzi 38.8 chini ya sifuri kwa sentigredi, na karibu na hapo, kwenye 40 chini ya sifuri, kipimo cha Fahrenheit na cha sentigredi vinakutana. Baridi ikiwa kali vya kutosha, mfasiri hana cha kubadilisha.

Basi nikadhani nimemaliza: tafsiri ya zamani ina mapengo yake, asili ya Kifaransa nayo ipo bure, tutumie asili kwa maneno na Boston kwa picha. Kisha nikafika mwisho wa kitabu, nikagundua kwamba hiyo asili nayo si asili.

Hatteras anafika. Verne alikuwa amesoma habari za msafara wa Mmarekani Elisha Kent Kane, ambao watu wake mwaka 1854 walidai kuona bahari isiyo na barafu upande wa kaskazini, na wengi wakaamini kwamba ncha imezungukwa na bahari wazi. Katika riwaya bahari hiyo ipo, na katikati yake kisiwa, na juu ya kisiwa mlima unaotema moto. Ncha yenyewe iko ndani ya tundu la mlima. Riou aliuchora mlima huo wakati hakuna binadamu aliyekuwa amefika huko. Leo tunajua hapo hapana kisiwa wala mlima, ni barafu inayoelea juu ya maji ya kina cha zaidi ya mita 4,000. Hatteras, bendera mkononi, hawezi kusimama ukingoni. Ncha haipo ukingoni, iko pale ndani. Anasonga mbele.

Katika mswada wa Verne anaanguka, na moto unammeza. Hetzel alikataa. Huyo alikuwa mchapishaji wa vijana, akaona haiwezekani shujaa ajitupe volkano kwenye kitabu cha zawadi ya mwaka mpya. Verne akabadilisha: Altamont, yule mpinzani ambaye Hatteras alikuwa amemwokoa kwenye pembe za ng'ombe wa barafu, anamdaka nahodha akiwa anatumbukia. Hatteras anarudi Uingereza mzima wa mwili, ila akili imebaki kule. Wasomaji wa Kiingereza walisubiri mpaka 2005 kupata kwa Oxford tafsiri ya William Butcher, inayoeleza mswada ulivyokuwa.

Wapo wanaomlaani Hetzel kwa hilo. Mimi, samahani, niko upande wake, ingawa sababu yake ilikuwa ya dukani. Kufa kwenye volkano ni mwisho wa opera. Mwisho aliolazimishwa Verne ni mkali zaidi. Nahodha amewekwa kwenye nyumba ya wagonjwa wa akili karibu na Liverpool. Hasemi na mtu. Kila siku anatembea bustanini na Duk kwenye njia moja, saa nyingi, daima upande mmoja. Akifika mwisho wa njia hageuki; anarudi kinyumenyume. Akisimamishwa, anaonyesha kwa kidole mahali fulani mbinguni. Akilazimishwa kugeuka anakasirika, na mbwa anabweka kwa hasira pamoja naye. Wazee wa pwani wangesema kuenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Huyu marejeo yake ni kichochoro cha bustani. Kisha sentensi moja ya kufunga, maneno machache tu ya Kifaransa: kwamba alikuwa akitembea, pasipo kubadilika, kuelekea kaskazini.

Nililala na sentensi hiyo siku tatu. Kaskazini letu limetokana na kaskazi, upepo wa joto wa Desemba hadi Machi, unaoleta majahazi kutoka Uarabuni. Baridi yetu ya kipupwe inakuja na kusi. Msomaji wa Lamu au Pemba anaposikia kaskazini ngozi yake haitetemeki, inatoka jasho. Isitoshe, kwa watu wa pwani yetu kibla iko upande wa kaskazini, na mtu anayetazama huko kila siku, haongei, anainua kidole juu, hakubali kugeuzwa, yule tunamjua kwa sura nyingine kabisa. Verne hakuwa na habari ya hayo. Lakini yamo kwenye lugha, hayaondoki kwa kuandika tanbihi, na sikuona sababu ya kuyaondoa.

Kitenzi ndicho kilichonisumbua mwisho. "Alitembea" haitoshi, maana nusu ya muda anarudi nyuma. "Alikwenda kaskazini" ni uongo kwa sababu hiyohiyo. Ndipo nikakumbuka kuelekea, ambako kwetu ni kwenda upande fulani na vilevile ni kuuelekeza uso upande huo, hata kama miguu inarudi. Hata Kifaransa cha Verne hakina neno linalobeba yote mawili kwa pamoja. Nikaandika: "Nahodha Hatteras hakuacha kuelekea kaskazini."

Nimemtumia yule bwana sentensi hiyo, kurasa kumi za mwanzo kutoka Kifaransa, orodha ya picha za Boston zinazofaa, na bei mpya.